Reli kwanza, msumeno baadaye

Mafundi wanaonipigia simu kuhusu msumeno wa reli huanza na kampuni. Makita au Festool? Bosch au DeWalt? Wanauliza nguvu ya mota, wanauliza bei ya Kariakoo. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: niambie kwanza, fundi, bodi ndefu kuliko zote unayoipasua ina urefu gani? Na hiyo reli itakufikiaje huko uliko? Mtu akishajibu hayo mawili, suala la mashine linapungua uzito, kwa sababu mota yoyote ya maana itapita kwenye plaiwudi. Kinachonyoosha ni reli. Msumeno kazi yake ni kufuata.

Kwa ambaye hajaushika: ni msumeno wa duara wa mkononi ambao kitako chake kina mfereji kwa chini. Mfereji huo unakaa juu ya tuta jembamba lililokwenda urefu wote wa reli ya alumini. Unailaza reli kwenye alama zako, unawasha, unaubonyeza msumeno chini, unausukuma mpaka mwisho. Hauendi kushoto, hauendi kulia. Ukingo wa reli wenyewe ndio unaoonyesha meno yatapita wapi, kwa hiyo ile hesabu tuliyoizoea, ya kupima kutoka ukingo wa kitako hadi kwenye jino kisha kufunga ubao wa kuongozea kwa umbali huo, haipo tena. Unapiga alama mbili, unaikalisha reli, unakata.

Mimi ni seremala wa Mtwara mjini. Kazi zangu nyingi ni makabati ya jikoni na ya nguo, pamoja na milango. Karakana zetu huku Kusini, kuanzia Lindi hadi Masasi, nyingi ni banda la mabati lenye sakafu ya mchanga, au kivuli cha mwembe na meza moja ya kazi. Mashine kubwa za meza za kupasulia bodi nzima ni chache, na hata ukiwa nayo, bodi ya MDF (ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa) ya mm 18 yenye futi 8 kwa 4 ina uzito wa kilo 40 hivi. Kuipandisha mezani peke yako na kuisukuma ikiwa imenyooka mbele ya meno yanayozunguka ni hatari. Kwa reli, bodi inalala chini na chombo ndicho kinachoiendea. Ndiyo maana naamini fundi wa Mtwara ana haja na chombo hiki kuliko fundi wa Dar es Salaam, ambaye akinunua bodi anaweza kukatiwa vipande vyake kwa mashine kubwa kabla hajaondoka.

Tuanze na urefu. Bodi zetu ni mm 2440 kwa 1220. Wengi hudhani reli ya 1220 inatosha kukata upana, na ya 2440 inatosha kupasua urefu. Haitoshi. Msumeno lazima ukae sawasawa kwenye reli kabla meno hayajagusa ubao, na uendelee kukaa hivyo mpaka meno yatoke upande wa pili. Ukikosa nafasi hiyo, mwanzo wa mkato ndio unaoharibika, maana nusu ya kitako iko hewani na mkono ndio unaoongoza. Hesabu sentimita 10 hadi 20 za ziada kila upande. Reli ya 1400 imeenea kwa sababu hiyo: inavuka upana wa bodi na kubakiza sentimita 18 za kugawana mwanzo na mwisho, kiasi ambacho ni kidogo lakini kinafanya kazi. Kwa kupasua urefu unahitaji 2700 kwenda juu.

Festool wanauza reli za 800, 1080, 1400, 1900, 2400, 2700, 3000, hadi 5000. Makita wana 1000, 1400, 1500, 1900 na 3000. Bosch, kwenye zile wanazoziita FSN, wana 800, 1100, 1600, 2100 na 3100. Ile ya 2400 isikudanganye kwa kuwa inakaribia kipimo cha bodi. Inapungukiwa na bodi yenyewe kwa sentimita 4, kabla hujaongeza hata nafasi ya kuingilia.

Usiidharau reli fupi. Rafiki yangu mmoja, fundi wa Lindi, kazi yake kubwa ni milango ya mkongo na mninga, na kwa miaka sasa anatumia reli moja ya mita 1 tu. Mteja akibadilisha sakafu, akaweka vigae juu ya saruji ya zamani, kila mlango wa nyumba unakwama chini. Mlango una upana wa sentimita 80 au 90. Anaushusha, anaulaza kwenye mbao mbili, anaikalisha reli kwenye mstari wa penseli, anatoa mm 12 kwa mkupuo mmoja, na ukingo unatoka laini kiasi kwamba anapitisha msasa mara mbili tu na kurudisha vanishi. Kwa randa, kazi hiyo kwenye mkongo mkavu ni jasho la asubuhi nzima, tena kwenye zile pembe ambako nyuzi za mbao zimekatiza, randa inamegua. Kwa mtu kama yeye, kununua reli ya mita 3 ni kutupa fedha.

Sasa barabara. Kutoka Dar es Salaam kuja Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na vifaa vya aina hii vingi vinanunuliwa huko. Reli ya mita 3 hailali kwenye buti ya basi. Inabidi ipande lori, na kwenye lori italazwa juu ya magunia au chini yake. Alumini hii ni nyembamba. Ikishapinda, hata kidogo tu, hainyooki tena kwa nyundo wala kwa goti, na reli iliyopinda ni chuma chakavu cha bei ghali. Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Kusini pale Somanga, magari yalikwama pande zote mbili; kila mwenye mzigo mrefu na dhaifu alikuwa na haki ya kukosa usingizi. Hata siku za kawaida, mzigo unaoshushwa na kupakiwa mara tatu una nafasi tatu za kukanyagwa.

Reli ya 1400 inaingia kwenye buti, inasimama ndani ya bajaji, na pikipiki inaibeba ikiwa imefungwa vizuri. Kwa hiyo ushauri wangu kwa fundi wa makabati aliyeko Mtwara, Lindi, Newala au Nachingwea ni reli mbili za 1400 na viungio vizuri. Ukiziunga unapata 2800, inayovuka bodi nzima. Ukizitenganisha, una reli moja ya kukatia upana na nyingine ya akiba. Najua wapo mafundi wazuri wanaosema reli ndefu isiyo na kiungo ndiyo pekee ya kuaminika. Kwa mtu mwenye karakana ya kudumu, anayepasua bodi kila siku, na anayeweza kwenda Dar mwenyewe akarudi na reli yake akiisimamia njiani, wako sahihi. Wengi wetu hatuko hivyo.

Lakini ukichagua mbili, jifunze kuziunga. Hapa ndipo kazi inapopatikana au kuharibika, na sijaona watu wakilizungumza vya kutosha.

Kiungio ni kipande chembamba cha chuma au alumini kinachoingia kwenye mfereji wa reli, nusu upande huu na nusu upande ule, kikiwa na vijiskrubu visivyo na kichwa vinavyokazwa kwa ufunguo wa L. Kila muungo unahitaji viungio viwili: kimoja mfereji wa juu, kimoja mfereji wa chini. Kimoja peke yake kinaacha reli zichezecheze. Zilaze reli mahali palipo sawa, ama kwenye sakafu ya vigae, ama juu ya bodi yenyewe unayokwenda kuipasua. Ingiza viungio, sogeza reli zikaribiane, kisha ziachie mwanya wa unene wa kadi ya simu. Usizibane zikagusana. Miisho ya reli haikukatwa yote kwa pembe mraba kamili, na ukizisukuma zigusane, ile tofauti ndogo ya mwisho ndiyo itakayoamua reli zielekee wapi.

Chukua kitu cha tatu kilichonyooka. Pima maji ya alumini ya mita 1.2 inafaa, mradi umeihakiki. Ibane kwenye ukingo wa chuma wa reli, nusu upande huu wa muungo na nusu upande ule, usiiegemeze kwenye utepe wa mpira unaotokeza kwenye ukingo mwingine, kwa sababu mpira unabonyea. Ndipo ukaze vijiskrubu, kimoja huku kimoja kule, kidogo kidogo. Usikaze kwa hasira. Kijiskrubu kikizidi kinaisukuma alumini ikavimba, au kinaziinua reli katikati, na msumeno utakwama palepale kila unapopita. Ukishakaza, upitishe msumeno bila kuuwasha, taratibu, mkono ukiwa mwepesi. Kidole kinahisi kigingi ambacho jicho halikioni. Ukihisi mkwaruzo, legeza uanze upya.

Kisha jaribio la mstari. Chonga penseli iwe kali, weka nukta mbili kwenye bodi, moja kila mwisho, piga mstari kwa kufuata ukingo wa reli. Sasa izungushe reli, kichwa kiende miguuni, uilete upande wa pili wa mstari kwa ukingo uleule, uikalishe kwenye nukta zilezile na kupiga mstari wa pili. Kama reli imenyooka, mistari miwili inakuwa mmoja. Kama imepinda, katikati kutafunguka mwanya, na mwanya huo ni mara mbili ya kosa lenyewe: ukiona mm 1, reli imepinda nusu milimita. Nusu milimita kwenye upande wa nje wa kabati hakuna atakayeiona. Lakini ukipasua vipande viwili ili uvigandishe kwa gundi viwe sehemu ya juu ya meza, kosa la huku linakutana na kosa la kule, na mwanya unaonekana hata na mteja aliyekaa kwenye kochi.

Vipo viungio vinavyojinyoosha vyenyewe, vilivyoundwa vibane kuta za mfereji pande zote na kuzilazimisha reli ziwe mstari mmoja. Festool wana FSV/2, na kampuni nyingine wana vya kwao. Fedha zikiruhusu, hiki ndicho kifaa cha nyongeza cha kwanza ninachokushauri, kabla ya vyote vinavyong'aa kwenye picha.

Sasa nije kwenye kampuni, kwa sababu reli zina ukoo. Reli za Festool na za Makita zinakaribiana umbo kiasi kwamba msumeno wa huyu unatembea kwenye reli ya yule. Tofauti kubwa ni kwamba msumeno wa Makita una kishikio kidogo kinachoukamata kwenye reli usipinduke unapokata kwa kulaza meno digrii 45, na kishikio hicho kimetengenezwa kwa reli ya Makita. Kwenye ya Festool hakishiki. Bosch na Mafell wana ukoo wao. DeWalt wana umbo lao peke yao, reli yenye utepe wa kinga pande zote mbili, unayoweza kukatia upande wowote. Ukishanunua reli mbili na viungio, umeshaoa kwenye ukoo. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, zunguka mjini. Uliza Chuno, Magomeni, Shangani, nani ana reli na ni ya ukoo gani. Siku reli yako imeharibika na mteja anasubiri, jirani mwenye reli inayopokea msumeno wako ana thamani kuliko tofauti yoyote ya mota. Hiki ndicho kigezo changu cha kwanza cha kuchagua kampuni, na sioni aibu kukitanguliza.

Jambo la umeme nitalipitia haraka. Misumeno iliyotumika kutoka Marekani ni ya volti 120, yetu ni 230. Bila transfoma utaiunguza siku ya kwanza. Ya betri inakuondolea wasiwasi huo pamoja na ule wa umeme kukatika katikati ya mkato. Makita wana wa betri mbili za volti 18, na kama tayari unatumia keekee yao ya betri hizo, nusu ya gharama umeshailipa.

Ukifungua boksi la reli mpya utakuta kwenye ukingo wake mmoja kuna utepe wa plastiki au mpira unaotokeza nje kidogo. Usiukate kwa kisu, na usidhani umekosewa kiwandani. Utepe huo una kazi mbili: kuonyesha mahali hasa meno yanapopita, na kukandamiza uso wa bodi pale meno yanapotoka kwa juu, ili melamini au ganda la plaiwudi lisimeguke. Unaukata mwenyewe, kwa msumeno wako, mara moja. Kabla ya hapo, kaza vile vifundo viwili vilivyoko kwenye kitako cha msumeno vinavyobana tuta la reli. Ukivisahau, msumeno utacheza na utepe utakatwa upana usio sawa. Vikaze mpaka mchezo uishe, lakini msumeno uendelee kuteleza bila kusukumwa kwa nguvu. Laza reli juu ya ubao wa kutupwa ulio mrefu kama reli yenyewe, funga klampu, weka kina cha mm 5 hivi, punguza mwendo wa mota kama una kidhibiti, kisha pitisha kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Utasikia sauti ya mpira ukikatika, nyembamba, na utaona uzi wa utepe ukijikunja nyuma ya msumeno. Kuanzia hapo ukingo ule ni wa msumeno huo na jino hilo, yaani lile duara zima lenye meno. Ukiweka jino la unene mwingine, au ukimwazima jirani mwenye msumeno wa kampuni nyingine, ukingo hautalingana tena: ama utakatwa zaidi, ama utabaki mbali na meno na kinga yake inakuwa haipo. Reli unayoazimisha iwe ile ya akiba.

Klampu ni za lazima, hata kama muuzaji atakwambia utepe wa mpira ulioko chini ya reli unatosha kuishika. Kwenye chumba safi chenye sakafu ya saruji, ni kweli unashika. Kwenye karakana zetu, mchanga wa pwani unaingia kila mahali, na utepe wenye mchanga unateleza kama uliopakwa mafuta. Nunua klampu mbili zile nyembamba zinazoingia kwenye mfereji wa chini wa reli. Zinashika kwa chini, hazikai njiani mwa msumeno. Na kila kabla ya kulaza reli, futa chini yake kwa kitambaa chenye unyevu. Nazungumzia sekunde chache.

Juu ya reli kuna tepe nyingine za kuteleza ambazo kitako kinapita. Zikianza kukwama, paka mshumaa kidogo na kufuta. Usipulizie silikoni. Silikoni inahamia kwenye mikono, mikono inahamia kwenye mbao, na vanishi ukiipaka inakimbia na kuacha macho macho ambayo hayafutiki mpaka upige msasa upya.

Joto letu nalo lina neno lake. Reli iliyoachwa juani kwenye kichanja cha pikapu kutoka Mikindani hadi Mtwara mjini inatosha kulegeza gundi ya tepe zote hizi. Ukija kuitoa, utepe umehama au umejikunja. Alumini yenyewe inatanuka: reli ya mita 3 ikipanda nyuzi 20 za joto inarefuka kwa zaidi kidogo ya mm 1. Urefu huo haudhuru mkato, ila upande mmoja ukiwa juani na mwingine kivulini, reli inaweza kujipinda kwa muda. Iache ikae kivulini kwanza. Chumvi ya bahari haiidhuru alumini sana, lakini vijiskrubu vya viungio ni chuma na vitashika kutu. Tone la mafuta ya cherehani kila mara, na usiviache ndani ya reli kwa miezi.

Vifaa vya pembe mraba vinavutia sana: unakifunga kwenye reli, unakiegemeza kwenye ukingo wa bodi, na reli inakaa digrii 90 papo hapo. Ni vizuri, lakini tazama hesabu. Kama kifaa kina mkono wa mm 300 na kimekosea nusu milimita kwenye urefu huo, ukivuka bodi ya 1220 kosa limekuwa mm 2. Na kifaa kinaamini ukingo wa bodi, wakati ukingo wa kiwandani wenyewe nao haukunyooka kila mara. Mimi kwa vipande vikubwa napima kona kwa kona. Bodi kamili ya 2440 kwa 1220 ina mm 2728 kutoka pembe hadi pembe, na vipimo vyote viwili vya kona kwa kona vikilingana, pembe za bodi ni mraba. Kwa vipande vidogo natumia ile ya zamani ya 3, 4, 5: sentimita 90 huku, 120 kule, na katikati iwe 150. Haijawahi kuhitaji betri wala kuagizwa.

Halafu kuna mikono ya kupimia, ile miwili inayotokeza kwenye reli ili kukata vipande vingi vya upana mmoja bila kupima kila kimoja. Anayetengeneza jiko zima ataifurahia. Lakini unaweza kukata vijiti viwili vya mbao vyenye urefu unaotaka, ukaviweka kati ya ukingo wa bodi na ukingo wa reli, kimoja kila mwisho, na ukapata matokeo yaleyale. Andika kipimo juu ya kila jozi, uitunze. Kipande kikiwa chembamba kuliko reli yenyewe, laza ubavuni mwake bodi nyingine ya unene uleule ili reli isiiname, vinginevyo utapata mkato ulioegama.

Bomba la kufyonza vumbi linahitajika zaidi kwa MDF, kwa sababu vumbi lake ni laini sana na linaingia mapafuni. Kama huna mashine ya kufyonza, fanya kazi mahali penye upepo na uvae barakoa ya maana, siyo kitambaa.

Kuhusu mahali pa kukatia: laza mbao nne au tano za paini chini, bodi juu yake, na weka kina meno yatokeze mm 3 chini ya bodi. Zitakwaruzwa, na ndiyo kazi yake. Hakikisha pande zote mbili za mkato zimebebwa. Kipande kikianguka au kikiinama mwishoni, kinabana jino na msumeno unarudi nyuma kukufuata. Hili ni la kuzingatia zaidi kwenye msumeno usio na kile kisu kidogo cha nyuma kinachoweka mkato wazi. Festool TS 55 inacho, Makita SP6000 haina. Ukiwa na usio nacho, pigilia kabari nyembamba kwenye mkato nyuma ya msumeno unapopasua mbao ngumu.

Na mbao ngumu ndizo zinazonifanya nizidi kuipenda reli. Ubao wa mninga au mkongo kutoka misitu ya Liwale unakuja umepasuliwa kwa mkono, ukingo unakwenda kama mto. Bila mashine ya kunyooshea, tulikuwa tunapiga kamba ya rangi na kuifuata kwa jicho. Sasa unailaza reli juu ya ubao, unakata ukingo mmoja, na huo unakuwa msingi wa vipimo vyote. Badilisha jino tu: yale ya meno 48 ni ya bodi na ya kukatiza, kwa kupasua mkongo kufuata nyuzi tafuta ya meno 12 hadi 28, la sivyo utaunguza ukingo uwe mweusi na kuichosha mota. Mpingo siuzungumzii hapa. Huo una wenyewe, wachongaji na tezo zao.

Kama yote haya bei yake haijafikika, usikae. Chukua plaiwudi ya mm 6 au 9 kwa kitako, gandisha juu yake mkanda wa plaiwudi nene ulionyooka, uache upande mmoja mpana kuliko kitako cha msumeno wako wa kawaida. Pitisha msumeno ukiuegemeza kwenye mkanda. Utakata ziada, na ukingo unaobaki ndio mstari wa meno yako. Haitelezi kama alumini na unyevu wa masika utaikunja baada ya muda, lakini makabati mengi mazuri yamekatwa hivyo, na itakufundisha urefu gani unauhitaji kabla hujatoa fedha.

Ukifika hatua ya kuagiza, agiza na utepe wa kinga wa akiba kwenye oda ileile, mita za kutosha reli zote mbili, pamoja na utepe wa chini wa mpira. Unajikunja, unakaa kwenye mfuko, na nauli yake ni sifuri ukisafiri na mzigo mwingine. Ukiuagiza peke yake baadaye, utasubiri wiki kwa kitu cha uzito wa leso. Mzigo ukifika stendi, usisaini kabla hujafungua. Toa reli zote mbili, ziweke uso kwa uso juu ya meza ya wakala, ukingo kwa ukingo, uzinyanyue kuelekea mwangani. Mwanga ukipenya katikati, geuza moja kichwa kwa miguu uangalie tena, kisha umpigie muuzaji ukiwa bado palepale.